Hesabu Chipu Kabla ya Kuagiza RAM ya Kompyuta Kuukuu

Kompyuta nyingi za mezani ninazoletewa hapa Mtwara mjini zinatoka kwenye steshenari, shule na ofisi za vyama vya ushirika vya wakulima wa korosho, na sehemu kubwa yake ni za miaka ya 2008 hadi 2013. Mwenye mashine hulalamika kwamba imekuwa nzito, kwamba akifungua kivinjari na nyaraka mbili tu inaganda, na ninapoikagua nakuta ina RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 2 tu. Dawa yake ni ya bei nafuu, lakini RAM za zamani hazipatikani kila siku katika maduka yetu. Tunaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita 500, na ukifika ukakataa kufanya kazi, nauli imepotea na mteja amekaa siku kadhaa bila mashine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uchaguzi ufanyike hapa, kifuniko kikiwa wazi, kabla ya simu kupigwa Dar es Salaam.

Jambo la kwanza ni kizazi cha RAM. DDR2 na DDR3 za kompyuta za mezani zote zina pini 240, na mtu asiyezoea huziona kuwa kitu kimoja, ilhali pengo lililokatwa katikati ya pini haliko mahali pamoja: DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 hutumia volti 1.5, na pengo limewekwa pale ili zisiingiliane. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2. Kwa hiyo RAM inapogoma kuingia, usiisukume kwa nguvu. Umbo la kasha pia lisikudanganye, kwa kuwa Dell OptiPlex 755 hutumia DDR2, na OptiPlex 780, iliyokuja baada yake, hutumia DDR3. Njia ya uhakika ni kuichomoa RAM iliyomo na kusoma kibandiko chake. Ukiona PC2-6400, hiyo ni DDR2 ya kasi ya 800. PC3-10600 ni DDR3 ya 1333, na PC3-12800 ni DDR3 ya 1600. Kasi haipaswi kukusumbua sana, kwa kuwa RAM ya 1600 ikiwekwa pamoja na ya 1333, zote kwa kawaida hufuata mwendo wa ile ya polepole.

Linalowaumiza mafundi wengi, na lililoniumiza hata mimi, ni chipu, vile vipande vidogo vyeusi vilivyopangwa juu ya RAM yenyewe. Dada mmoja mwenye steshenari alikuwa na mashine yenye mazabodi (bodi kuu) ya chipseti ya Intel G41, yaani chipu inayoiunganisha prosesa na RAM, ambayo inapokea hadi GB 8 katika nafasi 2. Niliagiza RAM mbili za DDR3 za GB 4 kila moja, za kasi sahihi na pengo sahihi. Nilipoziweka, mashine ililia pii na kioo kikabaki cheusi. Nilizijaribu kwenye mashine nyingine ya DDR3 iliyo mpya zaidi, zikafanya kazi bila tatizo lolote.

Sababu yake ni hii. RAM ya kawaida huzungumza na mashine kwa upana wa biti 64, na kwa kuwa chipu moja hutoa biti 8, chipu 8 zinatosha kuukamilisha upana huo. GB 4 inaweza basi kutengenezwa kwa chipu 8 zenye MB 512 kila moja, au kwa chipu 16 zenye MB 256 kila moja, 8 kila upande. G41 ni ya zamani: haiwezi kusoma chipu iliyozidi MB 256. Zile nilizoletewa zilikuwa na chipu 8, upande mmoja tu. Nilizirudisha, nikaomba zenye chipu 16 na kibandiko cha 2Rx8, yaani safu 2 za chipu za biti 8, na mashine ikawaka mara moja ikiwa na GB 8. Tangu siku hiyo siagizi RAM ya mashine za umri huo kabla ya kutumiwa picha ya pande zote mbili.

Picha hiyo hufichua mengine pia. Ukihesabu chipu 9 upande mmoja badala ya 8, hiyo ni RAM ya seva au ya mashine za kazi nzito; huuzwa kwa bei ya kuvutia, na kompyuta nyingi za kawaida haziikubali. Zipo pia RAM za bei rahisi zilizoandikwa kuwa ni za mashine zenye prosesa ya AMD pekee. Hizi zina chipu 16, lakini kila chipu hutoa biti 4, kwa hiyo kwenye mashine ya Intel hesabu yako itakuwa sahihi na RAM itakataa.

Kabla ya kulipa, angalia kama Windows iliyomo ni ya biti 32, kwa sababu hiyo haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 8.

Neno moja kwa wenzangu wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Lindi: hewa ya chumvi hushambulia pini. RAM kadhaa nilizoambiwa zimekufa zilipona baada ya kuchomoa waya wa umeme, kugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, na kuzisugua pini taratibu kwa raba safi ya penseli. Fanya hivyo kwanza kwa RAM ya zamani. Mpya ikishafika, iache mashine usiku mzima ikiendesha Memtest86+, programu ya bure ya kupima RAM, na usitupe risiti ya basi mpaka asubuhi utakapoona kwamba hakuna kosa hata moja.