Stesheni isiyo na mtumishi Japani: yasemwayo na yaliyo kweli

Wengi tulitumiwa ile habari ya Januari 2016: stesheni ya treni ya Kami-Shirataki, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, eti ilibaki wazi kwa ajili ya msichana mmoja hadi amalize shule. Inagusa moyo, lakini si kweli. Mwanafunzi aliyetajwa alipandia stesheni nyingine ya njia hiyohiyo, Kyu-Shirataki, na wenzake walikuwamo ndani ya treni. Stesheni hizo zilifungwa Machi 26, 2016 kwa uhaba wa abiria, siku ratiba mpya zilipoanza kutumika.

Dhana nyingine: stesheni ikiondolewa watumishi, imekufa. Nenda Kishi, mjini Kinokawa, mkoa wa Wakayama. Ndiyo mwisho wa reli ya Kishigawa, yenye kilomita 14.3 tu. Kampuni ya zamani ilipoamua kujitoa kwa sababu ya hasara, wakazi waliipigania njia yao, na Aprili 2006 ikachukuliwa na kampuni mpya, Wakayama Electric Railway. Ili kubana matumizi, Kishi ikabaki bila mtumishi. Duka la jirani lilikuwa na paka, Tama. Januari 2007 akateuliwa stesheni masta, rasmi kabisa, akavishwa kofia. Mshahara wake chakula. Watu wakaanza kuja kutoka mbali kumwona. Mwaka 2010 likajengwa jengo jipya lenye sura ya paka: paa la magome ya mti, masikio mawili yamesimama juu yake. Tama alikufa Juni 2015, na nafasi yake ikashikwa na paka mwingine, Nitama. Kwangu mimi, hiyo ni stesheni hai kuliko nyingi zenye watumishi.

Hakuna mkata tiketi, kwa hiyo unapanda bure? La. Kwenye treni nyingi za dereva peke yake unaingia kwa mlango wa nyuma, unachomoa kikaratasi chenye namba. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa nauli: unatafuta namba yako, unaona unachodaiwa. Ukifika unatumbukiza kikaratasi na sarafu kamili kwenye kisanduku kando ya dereva. Huna chenji? Kuna mashine ya kuvunja noti hapohapo.

Ila wapo wanaoumia. Penye pengo kati ya jukwaa na behewa, mwenye kiti cha magurudumu anahitaji mtu wa kumwekea ubao wa kuvukia, na pasipo mtumishi mara nyingi hulazimika kutoa taarifa mapema kabla ya safari. Mwaka 2020, mkoani Oita, watu wenye ulemavu walilipeleka suala hili mahakamani.