Mdogo Amefika: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba Yenye Kichanga na Mtoto wa Miaka Miwili

Siku mdogo anapozaliwa, kifungua mimba wa miaka miwili hupandishwa cheo bila kuulizwa. Jana alikuwa mtoto wa kubebwa; leo kila anayeingia kutoa hongera anamwambia, "Sasa wewe ni mkubwa, usilie." Hakuna kilichobadilika kwake ila kuongezeka siku moja. Lakini akisimama karibu na kichanga cha kilo tatu anaonekana jitu, na wazazi nao wanaanza kumdai akili ya mtoto wa miaka sita. Dhana nyingi potofu kuhusu kulea hawa wawili zinatoka hapo: mkubwa anapimwa kwa mdogo badala ya kupimwa kwa umri wake.

"Mtoto wa kwanza akipata mdogo, lazima aumie moyo"

Wazo hili ni la zamani. Alfred Adler, daktari wa Austria aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 20, alimwona mtoto wa kwanza kama mfalme aliyeng'olewa kitini na mdogo wake. Picha hiyo ilishika, na hadi leo wazazi huingia kwenye uzazi wa pili wakisubiri msiba.

Utafiti haukuikuta hali hiyo. Brenda Volling wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walifuatilia familia 241 tangu mama akiwa na ujauzito wa pili hadi mdogo alipotimiza mwaka. Watoto wakubwa walio wengi walizoea bila matatizo makubwa. Ni wachache walioonyesha ukorofi mwingi, na kwa kawaida hao walikuwa na dalili hizo hata kabla mdogo hajazaliwa. Kwa hiyo kama wako alikuwa mpiga wenzake tangu zamani, mdogo hakuleta tabia hiyo, ameikuta.

Hilo halina maana kwamba nyumba itatulia. Miaka mingi kabla ya Volling, Judy Dunn na Carol Kendrick walikaa na familia 40 mjini Cambridge, Uingereza, wakitazama maisha ya kila siku. Waliona kwamba mama humwangalia mkubwa kidogo kuliko zamani, na kwamba utundu hupamba moto hasa pale mikono ya mama imeshikwa, kwa mfano anaponyonyesha. Mzazi yeyote wa watoto wawili anaijua saa hiyo: ndipo maji yanapomwagwa na ndipo kabati linapofunguliwa. Dawa yake ni maandalizi kuliko ukali. Kabla hujakaa kunyonyesha, mkubwa awe ameshakunywa maji, ameshakwenda chooni, na ana kitu cha kuchezea ambacho hutolewa saa hiyo tu.

Waliona pia jambo lingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Akina mama waliomzungumzia mdogo kama mtu mwenye hisia zake, wakimuuliza mkubwa, "Unafikiri analia kwa nini? Amesikia njaa?", watoto wao walikuwa karibu zaidi na wadogo zao miezi mingi baadaye. Ni maneno machache ya bure, tena unaweza kuyasema huku unabadilisha nepi.

"Anajifanya mtoto makusudi, anadeka"

Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anataka chupa, anataka kulishwa, anazungumza kwa sauti ya kitoto, anaamka usiku. Watu wazima husoma hila hapo. Mtoto wa miaka miwili hana uwezo wa kupanga hila ya namna hiyo. Ujuzi alioupata juzi bado haujakomaa, na ujuzi mchanga ndio unaotikisika kwanza mambo yanapobadilika. Kwa watoto wengi hali hii hupita baada ya wiki au miezi michache. Kumchapa au kumwaibisha huirefusha, kwa sababu anachotafuta ni uhakika kwamba bado ana nafasi yake.

Akitaka kubebwa kama kichanga, mbebe. Akitaka kuvikwa nepi ya mdogo kwa mchezo, mvike mcheke. Hamu huisha haraka kuliko ugomvi.

Ratiba nayo ina mchango wake. Kumfundisha kutumia poti, kumhamisha kitanda, kumwachisha ziwa na kumpeleka kwa mlezi mpya ni mabadiliko makubwa kila moja. Yakipangwa kwenye wiki zilezile za kujifungua, lawama humwangukia mdogo. Yafanye miezi kadhaa kabla, au yaahirishe.

"Mwambie mapema kwamba analetewa rafiki wa kucheza naye"

Kwa mtoto wa miaka miwili, miezi saba ni neno tu. Inatosha kumwambia tumbo linapoonekana, tena kwa kulifunganisha na jambo analolijua.

Ahadi ya rafiki wa kucheza naye ndiyo mbaya zaidi. Kinacholetwa ni kiumbe kinacholala saa 14 hadi 17 kwa siku, kinachoona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na ambacho tabasamu lake la kweli litachukua takriban wiki sita kufika. Mwambie ukweli: atalia, atanyonya, atalala, na hataweza kucheza mpira kwa muda mrefu.

"Maziwa ya mjamzito yanamdhuru mtoto anayenyonya"

Hapa ndipo penye maneno mengi kuliko pote, na watoto wengi wameachishwa ziwa ghafla kwa sababu ya hofu hii. Maziwa ya mama mjamzito si sumu na hayaozi tumboni. Kinachotokea ni kwamba homoni za ujauzito huyapunguza, mara nyingi kufikia katikati ya mimba, na ladha yake hubadilika. Baadaye yanageuka dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya kumwandalia mtoto ajaye. Watoto wengi huacha wenyewe wakati huo, wengine huendelea. Dang'a huweza kulainisha choo cha mkubwa, na watu wakiona hivyo husema, "Si tuliwaambia?" Hilo si ugonjwa.

Tahadhari iko kwingine. Ikiwa anayenyonya bado hajatimiza mwaka, kupungua kwa maziwa ni jambo zito, kwa sababu bado anayategemea. Uzito wake ufuatiliwe na aongezewe lishe kwa ushauri wa kliniki. Kudhoofika kwa mtoto wa namna hii kunatokana na kupungukiwa chakula.

Je, kunyonyesha kunaharibu mimba? Kunyonya kunachochea homoni inayokaza misuli ya mji wa mimba, hilo ni kweli, lakini katika mimba isiyo na matatizo mkazo huo hautoshi kuanzisha uchungu. Mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, anayetokwa damu, au mwenye mapacha tumboni azungumze na mkunga au daktari wake kwanza.

Na baada ya kujifungua, wawili wanaweza kunyonya kwa mama mmoja. Matiti hutengeneza kadiri yanavyonyonywa. Sharti ni moja: katika siku za mwanzo mchanga anyonye kwanza, kwa sababu yeye hana chakula kingine ilhali mkubwa anakula mezani. Hakuna haja ya kumgawia kila mmoja titi lake. Mama naye ale na anywe vya kutosha, maana mwili wake ndio unaolipa. WHO, Shirika la Afya Duniani, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama akiona wawili wamemzidi, kumwachisha mkubwa taratibu si dhambi.

Kuna na yule aliyeachishwa zamani ambaye ghafla anaomba kuonja. Wengi wao wameshasahau hata namna ya kunyonya. Huramba, hukunja uso, huondoka.

"Ukiwa unanyonyesha huwezi kushika mimba"

Watoto wengi waliopishana mwaka mmoja wamekuja kwa mlango huu. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto yuko chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama pekee mara kwa mara mchana na usiku. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Tena yai huweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo kusubiri damu ndipo uanze kujikinga ni kuchelewa. WHO hushauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa afya ya mama na ya mtoto ajaye.

"Mkubwa anampenda mdogo wake, waache tu"

Anampenda kweli, na hatari inatoka humohumo. Mtoto wa miaka miwili hushiriki alichonacho: atamtia mdogo karanga mdomoni, atamfunika blanketi hadi usoni, atajaribu kumnyanyua kwa shingo. Kosa ni la mtu mzima aliyetoka chumbani. Kanuni ni kutowaacha wawili peke yao hata kwa muda wa kufuata taulo. Ukitoka, toka na mmoja.

Usiku vilevile. Mchanga alale chali, juu ya godoro gumu na tambarare lake mwenyewe, chumba kimoja na wazazi, bila mto wala midoli. Asilazwe kitanda kimoja na kaka au dada yake, kwa sababu mtoto huyo hugeuka usingizini bila kujua aliye pembeni.

Kuna hofu nyingine ambazo zimezidi. Utosi wa kichanga una ngozi imara na utando mgumu chini yake. Mkubwa akiugusa polepole hatamdhuru. Mwonyeshe namna ya kupapasa miguu badala ya kumkemea kila anaposogea. Mtoto anayesikia "usiguse" kuanzia asubuhi hadi usiku atajifunza kwamba mdogo ni tatizo.

Maradhi yanahitaji uangalifu zaidi kuliko utosi. Mkubwa huleta nyumbani mafua na kikohozi, na kifaduro, ambacho kwake ni kikohozi kirefu, kinaweza kumuua mchanga ambaye bado hajakamilisha chanjo. Kumtenga mkubwa hakuwezekani. Kamilisha chanjo zake, mnawishe mikono akitoka nje, na busu ziende miguuni, si mdomoni. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38°C au zaidi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Usimpe dawa ya homa ya kaka yake ukasubiri kuona.

Hali kadhalika vyakula vya mkubwa: asali haitolewi kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto, na maji hayahitajiki kabla ya miezi 6.

"Usawa ni kuwapa wote sawasawa"

Mahitaji yao hayalingani, hivyo mizani ya namna hiyo haiwezekani. Mchanga anahitaji maziwa, joto na kubebwa. Hajali nani alitangulia. Mkubwa anajali, tena anakumbuka. Wote wawili wanapolia kwa pamoja na hakuna aliye hatarini, mimi naona si vibaya mkubwa akashughulikiwa kwanza kwa dakika mbili, mchanga akiwa salama kitandani mwake. Kilio cha kichanga huongezeka hadi kilele karibu na wiki ya 6, kisha hushuka kufikia miezi 3 au 4. Kulia kidogo akisubiri hakumharibu.

Mara moja moja mkubwa asikie ukimwambia mdogo, "Subiri kidogo, namvalisha kaka yako viatu." Yeye husikia sentensi ya upande wa pili siku nzima. Dakika kumi kila siku za peke yake na baba au mama, simu ikiwa mbali, zinamfaa kuliko zawadi. Na baba asiwe wa kusubiri kuitwa: ratiba ya kulala ya mkubwa ikiwa mikononi mwake tangu wakati wa ujauzito, usiku wa kwanza wa mgeni hautamshtua mtoto.

"Uzazi wa pili mama ameshazoea"

Mikono imezoea, mwili unaanza upya. Maumivu ya mji wa mimba kusinyaa, hasa wakati wa kunyonyesha, kwa kawaida huwa makali zaidi uzazi wa pili kuliko wa kwanza, na wengi hushtuka kwa kuwa hawakuonywa. Aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa kutonyanyua kitu kizito kuliko kichanga chake kwa wiki kadhaa, na mtoto wa miaka miwili ni mzito mara nne. Akae chini, mkubwa apande mwenyewe mapajani.

Kuhusu akili: machozi na huzuni za siku za mwanzo huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Zikipita hapo, au mama akikosa hamu ya kila kitu, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa makadirio ya WHO, takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua karibuni duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kutoipata kwa mtoto wa kwanza si kinga. Aliyeipata mara ya kwanza yuko kwenye hatari kubwa zaidi, hivyo amweleze mkunga angali mjamzito. Mama akianza kuona au kusikia yasiyokuwepo, au kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo, asiachwe peke yake na watoto.