Diski ya kuondolewa katika Unix ya kale: dhana potofu na ukweli

"Alama ya amri imesharudi, kwa hiyo diski iko tayari kutolewa." Kauli hii nimeisikia tena wiki hii kutoka kwa mwanafunzi anayeendesha Toleo la 6 la mfumo endeshi wa Unix, la mwaka 1975, kwenye kiigizaji (programu inayoiga kompyuta) cha PDP-11, kompyuta ya zamani. Alinakili faili zake kwenye diski ya RK05, yenye takriban megabaiti 2.5 tu, akaona alama ya # imerudi, akaitoa. Alipoirudisha na kuendesha icheck, amri inayokagua hesabu za diski, bloku (vipande vya diski) zilizomo ndani ya faili zake zilihesabiwa pia miongoni mwa bloku huru.

Sivyo mfumo unavyofanya kazi. Amri ya cp, ya kunakili faili, haisubiri diski. Data huachwa kwenye bafa (hifadhi za muda) za kumbukumbu, na keneli, kiini cha mfumo, huiandika kwa wakati wake, huku programu ya update ikiita sync, yaani agizo la kuandika vyote vilivyosubiri, kila baada ya sekunde 30. Zaidi ya hayo, maadamu diski imepachikwa (imeunganishwa na saraka ya mfumo, kwa mfano /mnt), bloku kuu yenye orodha ya nafasi huru hutunzwa kwenye kumbukumbu, hivyo diski inayotolewa ghafla huondoka na hesabu za zamani. Njia sahihi ni moja: kuipachua kwa /etc/umount /dev/rk1, kwa jina la kifaa na si la saraka. Amri hiyo huandika kwanza kila kilichosalia, kisha hukagua kama kuna inodi (rekodi ya taarifa za faili) ya diski hiyo ambayo bado inatumika, na ikiipata hukataa. Mara nyingi anayezuia ni mtumiaji mwenyewe, aliyeingia kwenye saraka ya diski kwa chdir /mnt na hajatoka. Ndiyo maana nasisitiza kila siku: andika chdir / kabla ya umount, hata kama una hakika.

Wengine hujitetea kwamba walikuwa wanasoma tu. Kusoma nako hubadilisha tarehe ya matumizi ndani ya inodi. Kwa hiyo hata diski iliyofungwa isiandikwe lazima ipachikwe kwa -r (kusoma tu), la sivyo makosa yatatokea.

Faili zilizokuwa kwenye /mnt kabla ya kupachika hazijafutwa; zimefunikwa, na zitaonekana tena baada ya umount. Wala /etc/mtab, faili yenye orodha ya diski zilizopachikwa, si ushahidi, kwa kuwa jedwali halisi limo ndani ya keneli, na mashine ikizimika ghafla orodha hiyo hubaki na majina ya diski ambazo hazijapachikwa. Kuhusu ln, amri ya kuipa faili jina la pili, kati ya diski mbili, haiwezekani: namba ya inodi ina maana ndani ya diski yake tu. Tumia cp.