Rekodi za polisi haziko kwa kaunti jamani
Watu wengi hapa Kisumu wakitaka rekodi ya polisi wanakimbilia ofisi za kaunti, eti juu stesheni iko ndani ya kaunti. Zii. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, gavana hana OB (kile kitabu cha stesheni cha kuandika ripoti) hata moja mezani kwake, na wale askari wa kanjo wa kukimbizana na wachuuzi ni idara ingine kabisa. Enda stesheni ile uliripoti, tuseme Kondele, beba namba yako ya OB, uitishe abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha uliripoti. Ukitaka rekodi zaidi andika barua, hata kwa Kiswahili, ubaki na kopi imepigwa muhuri, coz sheria ya kupata habari (Access to Information Act) ya 2016 inawapa siku 21 kujibu na wakinyamaza inahesabika wamekataa, hapo unapeleka malalamishi kwa Ombudsman (Tume ya Haki ya Utawala), si kwa MCA, yule mwakilishi wa wadi kwa kaunti.