Choya kuwa nyekundu hakumaanishi inaongeza damu

Sokoni Mtwara choya kavu huuzwa kwa sifa moja: inaongeza damu. Ushahidi ni rangi ya juisi tu. Rangi hiyo ni anthosianini, ileile iliyomo kwenye ganda la zabibu nyeusi, na haina ndani yake chuma, madini ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Choya ina madini ya chuma kiasi, sawa, lakini ina pia polifenoli, yaani kemikali za mimea ambazo huyashika madini hayo tumboni yasifyonzwe vizuri. Chai ya rangi hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo mjamzito aliyeambiwa kliniki damu imepungua asiweke vidonge kando akategemea jagi la juisi.

Tena tunachochemsha wala si maua, ingawa wauzaji wengi huyaita hivyo. Ua la choya, ndugu wa bamia na pamba, lina rangi ya maziwa na kiini chekundu kilichokolea, na hunyauka siku ileile lilipochanua. Vile vyekundu ni vijani vinene vinavyobaki vimelifunika tunda.

Kinachoonekana zaidi katika utafiti ni kushusha presha kidogo. Anayemeza dawa za presha amwambie daktari kwamba anakunywa choya kila siku.