Maziwa gani nimpe mtoto? Majibu ya nesi wa klinik

Siku ya kupima uzito maswali ni yaleyale, na watoto wanaoshuka kwenye kadi nao ni walewale, wa miezi miwili mitatu, wameanzishiwa maziwa ya ng'ombe kwa sababu jirani kasema. Someni hii kabla hamjatuma mtu dukani.

Swali: Nesi, maziwa yako ya aina nyingi, tofauti yake nini?

Maziwa freshi ni ya ng'ombe au mbuzi, ya kuchemsha. Mtindi ni hayohayo yamegandishwa. Maziwa ya unga ya chai ni ya ng'ombe yaliyokaushwa, basi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni kitu kingine kabisa, yametengenezwa upya yakaribie ya mama. Yale mazito matamu ya kopo ni maziwa yaliyojazwa sukari. Ya soya ni kinywaji cha mmea. Narudia hapo kwenye unga maana wengi wanachanganya: unga wa chai SIO maziwa ya mtoto mchanga, hata kama bei yake imekaa vizuri.

Swali: Mwanangu ana miezi miwili, analia sana, naona maziwa yangu mepesi. Nimwanzishie ya ng'ombe?

Hapana. Chini ya miezi 6 hapana kabisa, maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe.

Hayo maziwa yanayoanza kutoka ndivyo yalivyo, mepesi kwa kuangalia, yanamkata kiu, yenye mafuta mengi yanakuja baadaye, kwa hiyo mwache amalize ziwa moja ndo umhamishie lingine. Mkimtoa kila baada ya dakika tano anabaki na njaa halafu lawama inaenda kwenye ziwa. Na mtoto kulia sio lazima iwe njaa, analia joto, analia kubebwa, na kwenye wiki ya tatu na ya sita hivi wengi wanataka kunyonya mfululizo na ndivyo mwili wako unavyojua uongeze maziwa. Ukitaka kujua anashiba angalia nepi, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na kadi inapanda, anashiba. Usikamue kwenye kikombe ukaona kidogo ukaanza kulia, mtoto anavuta kuliko mkono wako.

Swali: Na nikiyachanganya na maji nusu kwa nusu?

Hapana tena. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama mara tatu ya maziwa ya mama na chumvi nyingi, figo za mtoto mchanga bado haziwezi huo mzigo. Madini ya chuma ni kiduchu na utumbo wake unaweza kuvuja damu kidogokidogo ambayo kwenye choo huioni, unakuja kushtuka mtoto kapauka viganja. Sasa ukiongeza maji umepunguza protini, sawa, lakini na nguvu umepunguza, mtoto anashiba maji. Tumbo limejaa, uzito haupandi, na mama anasema lakini anakula vizuri nesi!

Swali: Ya mbuzi je? Bibi anasema ndo yanafanana na ya mtu.

Bibi shikamoo yake, ila hapana. Protini na chumvi ni mzigo uleule na yana upungufu wa foleti, vitamini ya kutengeneza damu, mtoto anaishiwa damu kwa njia nyingine. Najua mtanijibu kuwa baba yake alilelewa na hayo na leo ni mwanaume mzima. Waliopona ndo mnawaona, wale ambao hawakupona hawapo hapa kutusimulia.

Swali: Narudi kazini, nitafanyaje?

Hapa nakuelewa. Kwa Tanzania sheria ya kazi inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni mapacha, na ukirudi una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, idai. Muda mwingine kamua. Kwa joto letu hili yasikae nje zaidi ya masaa manne, kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Dada wa nyumbani ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, asiyachemshe, na ampe kwa kikombe kidogo.

Chupa naichukia na sifichi. Kuna moja niliifungua mbele ya mama yake, chuchu imepanuliwa kwa wembe ili maziwa yapite haraka, ndani kwenye shingo kuna utando wa njano unanuka, na chupa hiyo ndiyo inashinda na mtoto asubuhi mpaka jioni. Halafu tunauliza kwa nini anaharisha.

Swali: Mama hayupo, au kweli hawezi kunyonyesha?

Hapo ndo kopo la watoto lina kazi yake, na uje tukuelekeze. Maji yachemshwe, unapima maji kwanza ndo unaweka unga yakiwa bado ya moto sana, kijiko ni kile cha ndani ya kopo hilohilo, kimesawazishwa, unapoza ndo unampa. Kupunguza vijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnyima chakula, hata kama hukukusudia. Mama mwenye VVU anayemeza ARV zake vizuri ananyonyesha, asidanganywe na mtu.

Swali: Keshapewa ya ng'ombe na sasa anaharisha, tunaangalia kwanza?

Mnaangalia nini? Mtoto mchanga anaishiwa maji ndani ya masaa. Utosi umebonyea, macho yameingia ndani, hajakojoa, amelegea, hataki kunyonya: njooni siku hiyohiyo, hata usiku. Utosi haupakwi dawa ukarudi, umebonyea kwa sababu maji yameisha mwilini, na dawa yake ni maji ya ORS na zinki na kuendelea kunyonya. Na nawaomba jamani, hayo mnayosema yanaleta kuharisha, hakuna kitu kinaitwa meno ya plastiki. Yale ni meno yake yanayojitengeneza ndani ya fizi, mkimpeleka akachokonolewa na kitu kichafu mmeongeza damu kutoka na maambukizi juu ya kuharisha, na ndo wale tunaowapokea siku ya tatu. Siku ya kwanza ungekuja tungemaliza na pakiti za ORS.

Swali: Lini sasa anaruhusiwa ya ng'ombe?

Miezi 6 anaanza chakula huku ananyonya, hadi miaka miwili au zaidi. Kama hanyonyi kabisa, kuanzia miezi 6 ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kutumika pamoja na chakula chenye madini ya chuma, ila tuongee klinik kwanza. Akitimiza mwaka anakunywa freshi yenye mafuta yake yote, yale yaliyotolewa mafuta asipewe kabla ya miaka miwili.

Swali: Sisi wakubwa je?

Kifupi. Una lehemu (kolesteroli) juu au unapunguza uzito, chukua yenye mafuta kidogo. Freshi yakikujaza gesi na kuharisha jaribu mtindi, sukari ya maziwa imepungua mle. Soya ni sawa kama imeongezwa kalsiamu, soma pakiti. Mabichi acheni, yanaleta brusela na TB, mtu anatokwa jasho usiku, homa inakuja inaondoka, viungo vinauma, anameza dawa za malaria tu bila hata kupima. Chemsha mpaka yapande.

Swali: Mimi nimeshampa mtoto ya ng'ombe wiki mbili, nimekoma?

Hapana mama, maziwa yanarudi. Mweke titini kila anapotaka, mchana na usiku, mara nane au zaidi, tena usiku usiuruke. Umlete kesho na kadi yake tumpime, tuangalie anavyoshika ziwa maana mara nyingi tatizo liko hapo, na hayo mengine tutakupangia jinsi ya kuyapunguza kadiri yako yanavyoongezeka. Kugombezwa utagombezwa kidogo.