Mchuzi wa Dagaa wa Cetara: Urithi Ulio Ndani ya Mapipa

Cetara ni kijiji cha wavuvi katika Pwani ya Amalfi, kusini mwa Italia, na watalii wengi hukijua kwa mnara wake wa kale wa ulinzi. Mimi, ambaye kazi yangu ni usindikaji wa samaki, naamini kwamba urithi wake mkubwa zaidi umo katika mapipa madogo ya mbao yaitwayo terzigni, ambamo dagaa huzaa mchuzi wa rangi ya kaharabu, colatura di alici.

Dagaa hao, walio jamaa moja na dagaa mchele wa Unguja, huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za kuzungushia katika Ghuba ya Salerno, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Julai. Hukatwa vichwa na kutolewa matumbo kwa mkono, hupangwa tabaka kwa tabaka na chumvi ya bahari, kisha hufunikwa kwa ubao unaogandamizwa kwa mawe. Chumvi hufyonza maji ya nyama na kuwazuia bakteria waozeshao, huku vimeng'enya vya samaki wenyewe vikivunja protini polepole na kutoa asidi amino, hasa glutamati, inayoupa mchuzi ladha yake nzito. Husemwa mara nyingi kwamba colatura ni garum, mchuzi wa samaki wa Warumi wa kale, iliyosalia. Undugu upo, lakini garum ilitengenezwa pamoja na matumbo, yenye vimeng'enya vikali, ilhali hapa kazi kubwa huachiwa nyama, nayo hutaka muda.

Kwa desturi, maji yanayopanda juu ya pipa hukusanywa na kuanikwa juani katika vyombo vya kioo ili yakolee, kisha hurudishwa, yakapenya tabaka zote za samaki walioiva na kudondoka kupitia tundu la chini. Umoja wa Ulaya umelilinda jina la colatura ya Cetara kwa alama ya DOP, yaani jina la asili linalolindwa, tangu 2020, kwa sharti kwamba samaki wakae katika chumvi angalau miezi 9. Nalipokea jambo hilo kwa furaha, ingawa alama hulinda jina tu. Ujuzi wa kupunguza uzito wa mawe kadiri samaki wanavyoiva hurithishwa kwa kufanya kazi pamoja.

Mchuzi huwa tayari mwezi wa Desemba, kwa tambi za mkesha wa Krismasi. Tambi hizo huchemshwa bila chumvi, na mchuzi huchanganywa na mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili bila kupitishwa motoni.